Ukipita 35 Unaitwa Nani? Hadithi ya Wazee wa Waso

Wacha nianze na fomu.

Mwaka jana mjomba wangu, mdogo wa mama, alitoka Biliqo akaja Isiolo mjini na simu ya kubonyeza, kitambulisho na fimbo yake. Alikuwa amesikia kuna mafunzo ya kazi, ya bure, na chakula cha mchana juu. Akaniambia, "Wewe unajua hizi vitu za karatasi, twende." Tukaenda. Kijana aliyekuwa mlangoni, wa umri wangu hivi, alimsalimia vizuri, akamwita mzee, akampa kiti. Halafu akaangalia kitambulisho, akaangalia fomu, akasema kwa upole, "Mzee, hii ni ya 18 mpaka 35. Lakini huyu kijana wako anaweza kuingia."

Basi nikaingia mimi, na sikuwa hata natafuta. Ilikuwa mara yangu ya tatu kufundishwa kuandika sivii tangu niache chuo, na kusema ukweli sivii yangu bado ni nusu ukurasa. Mjomba alikaa nje chini ya mti mpaka jioni akiningoja, maana hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Ana miaka 52. Ukame ulioanza mwisho wa 2020 ulimchukulia karibu ng'ombe wote. Alitaka kujifunza kitu kingine, chochote, na yule aliyefundishwa siku hiyo ni mpwa wake ambaye alikuwa nyuma ya darasa akichati.

Hiyo siku ilinikaa kichwani. Nikaanza kuuliza wazee wa nyumbani, nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba hii si mara ya kwanza watu wazima wa kwetu kuambiwa kazi yao imeisha. Iliwahi kutokea, na wakati huo serikali ilijaribu kuwafundisha kazi mpya. Hiyo hadithi ndiyo nataka kuwapa leo, kwa sababu shuleni hakuna aliyeniambia.

Kwanza, Biliqo ni wapi. Najua wengi wenu mkisikia Isiolo mnafikiria ile barabara ya kwenda Moyale, miraa na vumbi. Biliqo iko ndani zaidi, wadi ya Chari, upande wa Merti, karibu na mto Ewaso Nyiro. Sisi mto huo tunauita Waso tu, na Waborana wa huku wanaitwa Waborana wa Waso. Na ni Biliqo na Q, si K. Hiyo Q inatoka kooni, ukiitamka kama K bibi yangu atakucheka.

Waborana wa Waso hawakuwa hapa tangu zamani za kale. Wengi waliletwa huku miaka ya 1930, wakati serikali ya mkoloni ilikuwa ikichora mistari kati ya makabila ya kaskazini na kuwatoa Waborana kwenye visima vya Wajir. Baadaye wakapigiwa sheria za maeneo maalum, huwezi kuingia wala kutoka kaskazini bila ruhusa. Kwa hiyo hata kabla ya uhuru, watu wa huku walikuwa wamezoea kuhamishwa na mtu mwenye ramani.

Sasa, kazi. Nataka hapa tuende polepole, kwa sababu watu wa mjini wanafikiri kuchunga ni kutembea nyuma ya mbuzi na fimbo. Mifugo ya Borana inagawanywa. Kuna warra, ile ya nyumbani, wanyama wa maziwa wanaokaa karibu na familia. Na kuna fora, kundi linaloenda mbali kutafuta majani, na hilo linaenda na vijana. Kijana wa fora anatumia miguu. Mzee anatumia kichwa. Yeye ndiye anayeamua fora iende wapi, irudi lini, nani atumwe mbele kuangalia kama mvua iliyonyesha kule imeotesha nyasi au imelowesha tu mchanga. Kisimani kuna abba herega, msimamizi wa zamu za maji, anayejua ng'ombe wa nani wanakunywa leo na wa nani kesho kutwa. Na juu ya malisho yote kuna wazee wa dedha, ambao wanafunga eneo la kiangazi wakati wa mvua ili majani yabaki, na wanapiga faini mtu akileta mifugo kabla ya wakati.

Umeona hiyo? Katika hii kazi, ukizeeka unapanda cheo. Mila ya Gada yenyewe imejengwa hivyo, mtu anapita hatua moja mpaka nyingine kila miaka 8, hadi mwisho anakuwa mtu wa baraka. Huku Waso Gada yenyewe ilififia, watu waliingia Uislamu na viongozi wa Gada wako mbali Ethiopia, lakini wazo lilibaki. Miaka 52 kwa akili ya Borana ni kama sasa ndiyo umefika ofisini. Kwa fomu ya Isiolo mjini, umechelewa kwa miaka 17.

Halafu ikaja Daaba.

Kama umewahi kupita Mtaa wa Wabera katikati ya Nairobi, unatembea juu ya jina la mtu aliyeuawa kwetu. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo. Tarehe 28 Juni 1963, yeye na Chifu Haji Galma Dida waliuawa kwa risasi wakiwa safarini upande wa Mado Gashe. Walikuwa wakiwashawishi watu wasifuate mpango wa kujiunga na Somalia. Kaskazini ilikuwa imegawanyika, Tume ya mwaka 1962 ilikuwa imezunguka ikiuliza watu wanataka nini, na wengi walisema wanataka kwenda. Haikuwa hivyo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki, baadaye ikaenea mpaka kwetu. Wengine wote walikuwa bado wanacheza ngoma za uhuru.

Vita hivyo vinaitwa vita vya Shifta kwenye vitabu. Nyumbani vinaitwa Gaafa Daaba, wakati wa kusimama, wakati kila kitu kilisimamishwa. Na ukisikiliza wazee, hawaanzi na risasi, wanaanza na kusimamishwa. Kuanzia 1966 serikali iliwakusanya watu kwenye vijiji vyenye ulinzi, Garba Tula, Merti, Mado Gashe. Unatoka asubuhi, unarudi jioni, na ukionekana nje ya eneo lililoruhusiwa unahesabiwa kuwa Shifta. Sasa chukua mifugo inayohitaji kutembea mbali, ifungie pembeni mwa kijiji kimoja. Majani yanaisha wiki chache. Wanyama wanaanza kuanguka. Ngamia walipigwa risasi na wanajeshi kwa sababu waasi walikuwa wakiwatumia kubeba mizigo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ile iliyotoa ripoti 2013, ilikusanya ushuhuda mwingi wa mambo haya. Kabla ya vita Waborana wa Waso walikuwa na ngamia wengi sana. Baada ya vita ngamia walikuwa karibu wameisha kabisa, na mbuzi na kondoo walikuwa hivyohivyo.

Akaako wangu, yaani babu, baba yake mama, alikuwa na miaka kama 40 Daaba ilipoanza. Siwezi kusema kamili, siku hizo umri ulihesabiwa kwa matukio. Aliingia kijijini na ngamia na ng'ombe, akatoka na punda mmoja. Mama anasema hakuwahi kutaja idadi aliyopoteza. Ukimuuliza alikuwa anasema, "Nilitoka na miguu yangu."

Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilikubaliana Arusha, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi, na vita vikaisha kwenye karatasi. (Hali ya hatari yenyewe iliondolewa 1991. Ndiyo, 1991. Mtu alizaliwa, akaoa, akapata watoto chini ya hali ya hatari.)

Na hapa sasa ndipo hadithi inageuka kuwa ya fomu. Serikali ilibaki na maelfu ya watu wazima waliokuwa na kazi na sasa hawana. Wengine walikuwa na miaka 40, 50, 60. Utafanya nao nini?

Jibu lilikuwa jembe. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, serikali ikisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kama FAO, ilianzisha mashamba ya kumwagilia maji kando ya mito ya Isiolo: Merti, Malka Daka, Garfarsa, Rapsu. Mpango ulikuwa rahisi kuuelewa. Mfugaji amepoteza mifugo, basi ageuke mkulima. Anapewa kipande, maji ya mfereji, mbegu, trekta ya kulima mara ya kwanza, na mtu wa kilimo wa kumwonyesha namna ya kupanda mahindi na maharagwe. Huko Turkana walikuwa wanafanya vivyo hivyo miaka hiyohiyo.

Kama ukiuondoa udongo na jua, hayo yalikuwa mafunzo ya kazi kwa wafanyakazi wenye umri. Hakuna aliyeyaita hivyo, lakini ndivyo yalivyokuwa. Na naomba muelewe ilikuwa kitu cha ajabu kwa Kenya ya wakati ule. Kila kitu kingine kilikuwa kinaangalia vijana. NYS ilianzishwa 1964 kwa vijana. Zile polytechnic za vijijini, zilizoanza kwa nguvu za makanisa miaka ileile ya 1960, zilikuwa za waliomaliza darasa la saba wakakosa pa kwenda. Na Sessional Paper Namba 10 ya 1965, ule waraka maarufu wa ujamaa wa Kiafrika, ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo ziende mahali ambapo zitazaa zaidi, yaani kwenye mvua, reli na kahawa. Sisi hatukuwa na hata kimoja. Kwa hiyo mashamba ya Waso yalikuja kama huduma ya waliofilisika, na hivyo ndivyo watu walivyoyaona.

Akaako alipata kipande katika mojawapo ya mashamba hayo. Sitataja lipi. Mama anakumbuka mikono yake, malengelenge ya jembe kwa mtu ambaye maisha yake yote alishika fimbo. Anakumbuka pia aibu. Kwa Borana wa kizazi chake kulima ilikuwa kazi ya mtu ambaye hana kitu, na yule aliyekuwa akimfundisha kupanda kwa mstari alikuwa kijana wa kutoka chini, kutoka sehemu za mvua, aliyekuwa akiwaita wote kwa filimbi. Wazee waliokuwa wakiamua njia za ng'ombe elfu moja walipigiwa filimbi wasimame kwenye mstari.

Lakini walijifunza. Hili nataka lisikike, kwa sababu kila mtu anapenda kusema mtu mzima hawezi kubadilika. Akaako alilima. Aliuza vitunguu. Akajua bei, akajua mfereji unaziba wapi, akajua mdudu gani anakula nini. Miaka mitano hivi, na huyo mtu wa "nilitoka na miguu yangu" alikuwa mkulima anayeeleweka.

Halafu nini? Pesa ya vitunguu akanunua mbuzi.

Hapo ndipo wataalamu walichanganyikiwa. Watafiti waliokuja Isiolo miaka ya 1970 na 1980 waliona jambo hilohilo kila mahali: waliofanikiwa shambani walikuwa wanatumia faida kurudi kwenye mifugo, na shamba wanamwachia mke, mtoto au mtu wa kulipwa. Kwa wapangaji hii ilikuwa kufeli, maana walitaka wakulima. Kwa akaako ilikuwa kufaulu. Alichukua mafunzo mliyompa, akayatumia kununua kazi yake mwenyewe. Mimi niko upande wa akaako hapa, na sidhani nasema hivyo kwa sababu ni damu yangu tu. Kama umefundishwa kazi na kazi hiyo inakuwezesha kupata ile unayoijua vizuri zaidi, nani ameibiwa?

Shida ya kweli ilikuwa kwingine. Mashamba yenyewe yalikuwa ghali na yalitegemea vitu vinavyotoka nje: dizeli, vipuri, trekta, msimamizi wa mshahara. Wafadhili walipopunguza mkono, wakulima waliachiwa mashine ambazo hawakuwahi kufundishwa kuzitengeneza. Unaona hiyo kitu? Waliwafundisha kupanda, hawakuwafundisha pampu. Walidhani mzee anaweza kujifunza jembe lakini si spana. Na mto wenyewe ukaanza kubadilika, maana juu huko upande wa Mlima Kenya watu waliongezeka, mashamba makubwa yakaongezeka, na maji ya kiangazi yakawa yanaishia njiani kabla ya kufika kwetu. Halafu El Niño ya 1997 na 1998 ikaleta kinyume chake, mafuriko bonde zima.

Nikisoma haya yote, kuna miaka inanichoma. Mwaka 1965, Marekani walipitisha sheria ya wazee wao, Older Americans Act, na kutoka miaka hiyo wakajenga mpango ambao mpaka leo unachukua mtu wa miaka 55 kwenda juu, maskini, asiye na kazi, anawekwa kufanya kazi ya jamii saa kadhaa kwa wiki akilipwa huku akijifunza. Mwaka uliofuata ndio akaako aliingizwa kijijini na kufungiwa. Mwaka 1975, Tokyo ilianzisha kituo cha kwanza cha kuwapatia wastaafu kazi ndogondogo kulingana na ujuzi walio nao, na leo Japani ina vituo kama hivyo nchi nzima. Mwaka huo akaako alikuwa akichimbua mfereji uliojaa mchanga. Sisemi Marekani na Japani ni mbinguni, hata hizo programu zao zina malalamiko yake. Nasema tu kwamba kufundisha mtu wa miaka 55 si wazo la kichaa, na kwamba Kenya iliwahi kulijaribu Waso kabla ya kulisahau.

Kitu kimoja kizuri kilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mashirika ya misaada, Oxfam ikiwa mojawapo, yalianza kuuliza swali tofauti kule Turkana na Isiolo: badala ya kumgeuza mfugaji kuwa kitu kingine, kwa nini tusimrudishie mbuzi? Familia zilipewa mifugo ya kuanzia, majike hasa, pamoja na chakula cha kuwavusha mpaka kundi likue. Si wote walifanikiwa. Ukame wa 1984 ulikuwa mlangoni. Lakini mtu aliyepewa mbuzi hakuhitaji filimbi, alikuwa na digrii yake tayari.

Miaka ya 1990 na 2000 nitaipita haraka: ukame, njaa, mahindi ya msaada, chakula kwa kazi ambapo wazee walipanga mawe kando ya barabara kwa gunia. Hiyo haikuwa kufundishwa, ilikuwa kungoja kwa mpangilio.

Sasa turudi leo. Angalia Katiba ya 2010. Kijana ni mtu wa kati ya miaka 18 na 35. Mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Vyote viwili vimeandikwa, vyote vina haki zake, kifungu cha 55 kwa vijana na cha 57 kwa wazee. Halafu hesabu mipango: Mfuko wa Vijana 2006, Kazi kwa Vijana 2009, zabuni za asilimia 30 kwa vijana, wanawake na walemavu, Kazi Mtaani 2020. Upande ule mwingine kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa wazee unaanzia miaka 70. Kati ya 35 na 60 kuna miaka 25 ambayo huna jina. Mwanaume wa miaka 52 kutoka Biliqo aliyepoteza kazi, kwa serikali yake, si mtu wa aina yoyote.

Najua mtasema nini. "Manze, vijana wenyewe hawana kazi, wewe unataka nafasi wapewe wazee?" Niliacha chuo kwa sababu ya karo, naishi kwa kupiga vidio za harusi na hizi posti, sihitaji kuelezwa juu ya vijana kukosa kazi. Lakini fikiria kidogo. Mjomba akikosa kazi, nani analipa karo ya watoto wake watano? Mimi. Nani anatumiwa ujumbe wa "nitumie mia mbili ya unga"? Mimi. Kijana wa kaskazini hajawahi kufilisika peke yake. Ukimfundisha huyo wa 52 umeniondolea mimi mzigo, na mimi sasa naweza kununua kamera. Kutugombanisha kwa nafasi 30 za darasa ni rahisi kwa anayepanga, kwa sababu tukigombana hatuulizi kwa nini ziko 30.

Na si kwamba hakuna kabisa mlango. Majaribio ya ufundi ya NITA hayaulizi kama una nywele nyeupe. Kuna pia huu utaratibu mpya wa kutambua ujuzi, ambapo fundi wa jua kali aliyejifunza kwa mikono anapimwa na kupewa cheti bila kurudi shule. Niliposikia nilifurahi sana, nikamwambia mjomba, tutakupima! Halafu nikakaa chini nikawaza. Atapimwa nini? Useremala? Uashi? Ujuzi wa mjomba ni kuangalia ng'ombe mia mbili wanaopita na kukwambia ni yupi atakuwa mgonjwa keshokutwa. Ni kujua majani ya upande gani wa Waso yanaongeza maziwa na ya upande gani yanaongeza nyama. Sijui kama kuna meza ya mtihani ya hiyo.

Ila soko la ujuzi huo lipo, hilo ndilo linanikasirisha. Tangu 2015 serikali ina mpango wa bima ya mifugo kaskazini ambao unatumia satelaiti kuangalia ukijani wa majani kutoka angani, ukikauka kupita kiwango mfugaji aliyeandikishwa analipwa. Ni kitu kizuri, sikipingi. Lakini ona, satelaiti inaajiriwa kusoma majani. Isiolo pia ndiyo kaunti ya kwanza kujaribu mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kazi kubwa ya watu waliouanzisha ilikuwa kukaa na wazee wa dedha na kuchora ramani ya kile walichonacho kichwani: visima, njia, malisho ya kiangazi, malisho ya akiba ya ukame. Mzee anachora mchangani, kijana anaingiza kwenye kompyuta. Kijana analipwa mshahara. Mzee anapewa chai na nauli.

Ukinipa mimi kazi ya kupanga, ningeanza hapo. Wazee wa dedha walipwe kama watu wa kazi, si kama wageni wa mkutano. Mtu wa miaka 45 mpaka 60 aliyepoteza mifugo afundishwe vitu vinavyokaa juu ya anachojua: dawa za mifugo na chanjo, kutengeneza pampu za visima (spana, jamani, safari hii spana), kupima uzito na kuandika mauzo sokoni ili broka asimkate. Na fomu iache kuuliza umri kwanza. Iulize, "Umefanya nini mpaka sasa?" Naamini kijana wa mlangoni angechoka kuandika majibu.

Mjomba sasa ni mlinzi wa usiku kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Analinda mabati. Wiki iliyopita nilimpitia saa tano usiku nikamkuta amesimama nje ya geti, ameinua uso, ananusa. Nikamwuliza kuna nini. Akasema juu huko mvua imenyesha, Waso itashuka na maji mekundu baada ya siku mbili, mbuzi wa shangazi wasilazwe karibu na kingo. Akaniomba simu yangu maana yake haikuwa na salio. Akapiga Biliqo, akaongea dakika moja, akanirudishia.

Halafu akaniuliza kama wale watu wa mafunzo walisema lolote. Nikamwambia bado.